Kukadiria Joto la Yabisi za Kikaboni na Mafuta Mazito: Historia ya Kanuni Zilizotangulia Bomba la Hoima–Tanga

Ikisiri

Makala hii inafuatilia historia ya njia zilizotumika kukadiria kiasi cha joto kinachohitajika kupasha yabisi za kikaboni na mafuta mazito pale ambapo kipimo cha moja kwa moja hakipatikani. Inaanzia katika maabara za Ulaya za karne ya 18 na 19, inapitia tasnia ya mafuta ya Marekani ya miaka ya 1920 na 1930, na kufikia utafiti wa lami ya Alberta, Kanada, uliochapishwa mwaka 2008. Hoja kuu ni kwamba kila kanuni ya ukadiriaji ilizaliwa na upungufu fulani wa taarifa, na kwamba inabeba ndani yake sura ya sampuli zilizoizaa. Makala inahitimisha kwa kuonesha maana ya hoja hiyo kwa mafuta ghafi yenye nta ya Uganda na Kenya.

Maneno muhimu: uwezo-joto, mafuta mazito, nta, kanuni ya Kopp, historia ya sayansi, Afrika Mashariki

1. Utangulizi

Bomba la mafuta ghafi la Afrika Mashariki lilibuniwa kuwa na urefu wa kilomita 1,443, kutoka Kabaale wilayani Hoima, Uganda, hadi Chongoleani karibu na Tanga, Tanzania. Mafuta yanayokusudiwa kupita humo yana nta nyingi kiasi kwamba huganda katika joto la kawaida la mazingira. Kwa sababu hiyo bomba limesanifiwa kufunikwa kwa tabaka la kuzuia joto na kupashwa kwa umeme njiani, ili mafuta yasishuke chini ya nyuzi 50 za Selsiasi. Kenya ilikutana na tatizo hilohilo ilipoanza mwaka 2018 kusafirisha mafuta ya Lokichar, Turkana, kwa malori hadi Mombasa: matangi yalilazimika kuwa ya aina inayohifadhi joto.

Nyuma ya usanifu wa namna hii kuna swali linaloonekana dogo: kilo moja ya mafuta haya inahitaji joto kiasi gani ili ipande nyuzi moja? Kiasi hicho huitwa katika makala hii uwezo-joto, yaani uwezo wa kitu kubeba joto. Ukubwa wa swali huonekana pindi tarakimu zinapowekwa. Mtiririko wa mapipa 216,000 kwa siku, uliotajwa katika mpango wa bomba, ni takriban tani 30,000. Ikiwa uwezo-joto ni kilojuli 2 kwa kilo kwa nyuzi, kila nyuzi moja ya joto inayoongezwa kwa mafuta ya siku moja hugharimu gigajuli 60, sawa na karibu megawati-saa 17. Kosa la asilimia 10 katika makadirio huwa kosa la asilimia 10 katika bili hiyo, na vilevile katika hesabu ya muda ambao mafuta yatakaa kabla ya kupoa bomba likisimama.

Majibu ya swali hili hayakuanzia Hoima wala Lokichar. Yalitungwa kwa muda wa karne moja na nusu na watu waliokuwa na vitu vingine mbele yao. Kuielewa historia hiyo ni sehemu ya kuyapima majibu yenyewe.

2. Kutoka kupima hadi kukadiria: 1760–1865

Joseph Black, aliyefundisha Glasgow, alionesha katika miaka ya 1760 kwamba vitu viwili vya uzito mmoja havihitaji joto sawa ili kupanda nyuzi sawa. Zebaki, ingawa ni nzito kuliko maji, hupata moto haraka zaidi. Mwaka 1783 Antoine Lavoisier na Pierre-Simon Laplace walieleza mbele ya Akademia ya Sayansi ya Paris chombo kilichopima joto kwa kiasi cha barafu kilichoyeyushwa. Tangu hapo uwezo-joto ulikuwa jambo la kupimwa, na kila kitu kilihitaji kipimo chake.

Hatua ya kwanza kuelekea ukadiriaji ilitokea mwaka 1819. Pierre Louis Dulong na Alexis Thérèse Petit walitangaza kwamba, kwa elementi yabisi 13 walizozichunguza, uwezo-joto ukizidishwa kwa uzito wa atomi hutoa takriban namba ileile. Kwa vipimo vya leo namba hiyo ni kama juli 25 kwa moli, moli ikiwa kipimo cha wanakemia cha idadi maalumu ya atomi au molekuli. Maana yake ilikuwa nzito: atomi ya risasi na atomi ya shaba, ingawa uzito wake ni tofauti sana, hubeba joto sawa. Mwaka 1831 Franz Neumann aliipanua hoja hiyo kwa kuonesha kwamba kampaundi zenye muundo unaofanana nazo zina ulinganifu wa aina hiyo.

Hata hivyo, ulimwengu wa kaboni ulikataa kutii. Almasi katika joto la kawaida hubeba takriban robo tu ya kile ambacho kanuni ya 1819 inadai. Kwa kuwa kila kampaundi ya kikaboni imejengwa juu ya kaboni, mtu aliyetaka kukadiria uwezo-joto wa sukari, nta au lami hakuwa na msingi wa kusimamia.

Aliyetoa msingi huo ni Hermann Kopp. Alikuwa amefanya kazi kwa miaka mingi Giessen, mji ambamo Justus von Liebig alikuwa amekamilisha mwaka 1831 njia ya kuchoma sampuli na kupima kaboni na hidrojeni iliyomo. Kufikia miaka ya 1860 Kopp alikuwa Heidelberg, na mwaka 1865 Jumuiya ya Kifalme ya London ilichapisha utafiti wake mrefu kuhusu uwezo-joto wa yabisi. Alipendekeza kwamba uwezo-joto wa kampaundi yabisi ni jumla ya michango ya atomi zake, kila elementi ikiwa na mchango wake: kaboni kalori 1.8, hidrojeni 2.3, oksijeni 4.0, salfa 5.4, na elementi nyingi nzito karibu 6.4.

Kwa mara ya kwanza, mtu mwenye fomula ya kampaundi na kalamu angeweza kupata jibu bila kuwasha jiko la maabara. Mtafiti alihesabu atomi, akazidisha, akajumlisha. Urahisi huo ndio ulioifanya kanuni ya Kopp idumu katika vitabu vya uhandisi wa kemikali hadi leo, ambako imeongezewa safu ya pili ya michango kwa ajili ya vimiminika.

3. Mipaka ya kanuni ya Kopp

Thamani ya kanuni na udhaifu wake huonekana ikijaribiwa kwa yabisi tatu zinazojulikana vizuri, katika joto la nyuzi 25. Nafthalini, ambayo watu huiweka kabatini kufukuza nondo, ina atomi 10 za kaboni na 8 za hidrojeni. Kanuni inatoa kalori 36.4, yaani juli 152 kwa moli, ilhali kipimo ni takriban juli 166. Sukari ya miwa, yenye kaboni 12, hidrojeni 22 na oksijeni 11, inapewa juli 486 ilhali kipimo ni takriban 425. Asidi ya benzoiki inapewa 144, na kipimo ni 147. Kwa hiyo kanuni inapunguza kwa asilimia 8 katika kisa cha kwanza, inazidisha kwa asilimia 14 katika cha pili, na inakaribia kabisa katika cha tatu. Mtumiaji hana njia ya kujua mapema ni kisa kipi alichonacho mkononi.

Kuna mpaka wa pili ulio wa ndani zaidi. Michango ya Kopp ni namba zisizobadilika, ilhali uwezo-joto wa yabisi hubadilika kadiri joto linavyobadilika. Heinrich Friedrich Weber alionesha jambo hilo kwa almasi katika miaka ya 1870, na mwaka 1907 Albert Einstein aliliunganisha na nadharia mpya ya kwanta: atomi nyepesi zilizofungwa kwa nguvu hazipokei joto kwa ukamilifu hadi halijoto iwe juu vya kutosha. Ukaidi wa kaboni ukapata maelezo yake. Michango midogo ya kaboni na hidrojeni katika orodha ya Kopp haikuwa tabia ya kudumu ya elementi hizo. Ilikuwa picha ya hali yake katika joto la chumba cha Ulaya.

Fizikia ilikuwa imepiga hatua, lakini mhandisi hakunufaika papo hapo. Nadharia ya Einstein, na ile ya Peter Debye ya mwaka 1912, zilihitaji taarifa za mitetemo ya atomi ndani ya fuwele. Kwa lami au mafuta ghafi, ambayo ni mchanganyiko wa maelfu ya kampaundi, hata fomula yenyewe haipo. Hapo ndipo historia inapohama kutoka chuo kikuu hadi kiwanda.

4. Mafuta yasiyo na fomula: Marekani, 1929–1935

Viwanda vya kusafisha mafuta vilikuwa na haja ya namba kila siku: kila tanuri na kila kipoza joto kilisanifiwa kwa kuzingatia uwezo-joto. Mwaka 1929 Ofisi ya Taifa ya Viwango ya Marekani ilichapisha kazi ya C. S. Cragoe kuhusu tabia za joto za mazao ya petroli. Cragoe alikusanya vipimo vilivyokuwepo na kuvifupisha katika fomula yenye mahitaji mawili tu: halijoto, na uzito linganishi wa mafuta, yaani uzito wake ukilinganishwa na maji ya ujazo uleule. Kwa vipimo vya leo fomula husomeka hivi:

c = (1.685 + 0.0034 t) / √s

ambapo c ni uwezo-joto kwa kilojuli kwa kilo kwa nyuzi, t ni halijoto kwa Selsiasi, na s ni uzito linganishi. Mafuta yenye uzito linganishi wa 0.88 katika nyuzi 50 hupewa takriban kilojuli 1.98.

Ujasiri wa fomula hii unastahili kutazamwa kwa makini. Kopp alitaka kujua aina na idadi ya atomi. Cragoe hakutaka kujua chochote kuhusu atomi. Alichukua kipimo ambacho mfanyakazi yeyote wa ghala la mafuta angeweza kukipata kwa kuelesha kifaa rahisi ndani ya chupa, akakifanya kiwakilishe muundo wote wa ndani. Kwa mafuta yanayofanana na yale yaliyotumika kuitunga, ilitosha.

Kwa mafuta ya tabia nyingine, haikutosha. Benzini safi, ambayo molekuli yake ni pete, ina uzito linganishi wa karibu 0.88. Katika nyuzi 25 fomula inaipa kilojuli 1.88, ilhali kipimo ni 1.74. Heksadekani, ambayo ni mnyororo mnyoofu wa kaboni 16 na hivyo ni jamaa wa karibu wa nta, inapewa takriban 2.01 ilhali kipimo ni 2.22. Pete zinazidishiwa, minyororo inapunguziwa.

Tofauti hiyo kati ya pete na minyororo ilishughulikiwa na K. M. Watson na E. F. Nelson, waliofanya kazi katika kampuni ya Universal Oil Products, katika makala yao ya mwaka 1933. Walianzisha kipimo cha tabia ya mafuta kinachopatikana kwa kuchukua kipeuo cha tatu cha kiwango cha kuchemka kwa kipimo cha Rankine, kisha kukigawa kwa uzito linganishi. Benzini hupata takriban 9.7, na heksadekani 12.9. Kwa namba moja, asili ya mafuta ikaonekana. Kipimo hicho kiliingia katika fomula za uwezo-joto na tabia nyingine nyingi, na kingali kinatumika.

Lakini nacho kilidai jambo moja: mafuta yaweze kuchemka. Mafuta mazito hayachemki kwa utulivu. Yakipashwa kupita takriban nyuzi 350 katika kanieneo ya kawaida, molekuli zake huanza kuvunjika kabla ya kugeuka mvuke, na kinachopimwa si mafuta yaleyale tena. Hivyo njia iliyosaidia petroli na dizeli iliishiwa nguvu palepale ambapo haja ilikuwa kubwa zaidi, kwenye masalia ya chini ya mnara wa kusafishia na kwenye lami ya asili.

5. Kurudi kwenye atomi: Alberta, 2008

Jimbo la Alberta lina akiba kubwa ya lami iliyochanganyika na mchanga. Lami hiyo haitiririki yenyewe. Sehemu kubwa yake hutolewa kwa kuingiza mvuke ardhini ili ilainike. Joto ndilo gharama kuu ya uzalishaji, na sehemu nzito kabisa ya lami hubaki katika hali ya yabisi au nusu yabisi. Mazingira hayo yalilifufua swali la Kopp katika Chuo Kikuu cha Alberta. Mwaka 2008 John M. Shaw na wenzake, akiwemo Václav Laštovka, walichapisha njia ya kukadiria uwezo-joto wa yabisi za kikaboni, zikiwemo zile ambazo muundo wake haujulikani. Baadaye Shaw na Nafiseh Dadgostar walitumia wazo hilohilo kwa vimiminika vya hidrokaboni.

Kiini cha njia hiyo ni kigezo kimoja: idadi ya atomi ikigawanywa kwa uzito wa molekuli. Kwa maneno mengine, gramu moja ya kitu ina atomi ngapi, bila kujali ni za elementi gani. Kigezo hicho hakihitaji fomula wala kiwango cha kuchemka. Kinahitaji asilimia za kaboni, hidrojeni, oksijeni, naitrojeni na salfa tu, na hizo hupatikana kwa kuchoma sampuli ndogo, kwa njia ambayo asili yake ni ile ya Liebig.

Yabisi tatu zilizotajwa awali zinaonesha kwa nini wazo hili lina nguvu. Kigezo cha nafthalini ni 0.140, cha sukari 0.131, na cha asidi ya benzoiki 0.123. Uwezo-joto wao uliopimwa, kwa juli kwa gramu kwa nyuzi, ni 1.29, 1.24 na 1.20. Mpangilio ni uleule. Sukari na nafthalini, ambazo kanuni ya Kopp ilizikosea kwa pande tofauti, zinakaa hapa kwenye mstari mmoja. Mifano mitatu haithibitishi kanuni, lakini inadokeza mahali Kopp alipoteleza: alizipa elementi tofauti kubwa kupita inavyostahili, ilhali idadi ya atomi ndani ya gramu ilikuwa tayari imebeba sehemu kubwa ya jibu.

Kwa mafuta, kigezo hiki kinatenganisha asili zilezile ambazo Watson na Nelson walizitenganisha kwa kuchemsha. Benzini ina 0.154, na heksadekani 0.221. Nta kwa jumla huwa karibu na 0.22 kwa sababu ina hidrojeni nyingi, ilhali sehemu nzito za lami, zenye pete nyingi na salfa, huwa na kigezo cha chini zaidi.

6. Maana yake kwa mafuta yenye nta ya Afrika Mashariki

Historia hii inatoa tahadhari mbili kwa watafiti na washauri wa sera wa ukanda huu.

Ya kwanza inahusu asili ya kanuni. Fomula ya 1929 ingali inapatikana katika vitabu vya usanifu na katika programu za kompyuta, mara nyingi bila jina la mtungaji wala maelezo ya mafuta yaliyoizaa. Mafuta ya Uganda na Lokichar yana nta nyingi, yaani minyororo mirefu iliyo upande wa heksadekani, ambako fomula hiyo ilionekana kupunguza. Mafuta ghafi ni mchanganyiko, hivyo kosa lake haliwezi kusomwa moja kwa moja kutoka kwa kampaundi moja safi. Hata hivyo, mwelekeo wa kosa unajulikana vya kutosha kumfanya mhakiki wa usanifu aulize ni kanuni ipi iliyotumika.

Ya pili ni nzito zaidi. Kanuni zote zilizojadiliwa hapa hukadiria uwezo-joto wa kitu kilicho katika hali moja: yabisi, au kimiminika. Mafuta yenye nta yanapopoa hayakai katika hali moja. Nta hujitenga na kuganda kidogo kidogo, na kila kilo ya nta inayoganda hutoa takriban kilojuli 200 za joto fiche. Chukua mfano wa mafuta ambayo nta inayoganda, ikiwa asilimia 5 ya uzito wote, hufanya hivyo ndani ya nyuzi 10 za kupoa. Uwezo-joto wa kilojuli 2 unatoa kilojuli 20 kwa kilo. Kuganda kwa nta kunaongeza 10. Nusu nzima ya hesabu ya awali imeachwa nje.

Athari yake ina sura mbili. Bomba likisimama, joto fiche linachelewesha kupoa, na hilo ni faida kwa wahudumu. Bomba likianza tena, joto hilohilo lazima lirudishwe ili nta iyeyuke, na mitambo ya kupashia iliyokadiriwa kwa fomula ya kimiminika pekee itachukua muda mrefu kuliko uliopangwa. Katika umbali wa kilomita 1,443, muda huo ni umeme, ni mafuta yasiyouzwa, na ni mgogoro kuhusu nani abebe hasara.

Dawa ya tatizo hili inafahamika. Kalorimita za kisasa za kupasha kwa hatua, zilizoanza kuuzwa katika miaka ya 1960, hupima uwezo-joto na joto fiche kwa pamoja kwa kutumia sampuli ya miligramu chache. Uchambuzi wa elementi kwa kuchoma unahitaji kiasi kidogo vilevile. Ukilinganisha na gharama ya bomba, vipimo hivi ni vya bei ndogo sana. Kinachohitajika ni uamuzi wa kiutawala: sampuli za kila kisima zipimwe katika joto lote la matumizi, hasa pale nta inapoganda, matokeo yawekwe mikononi mwa mamlaka za udhibiti na vyuo vikuu vya nchi husika, na kila ripoti ya usanifu itaje kanuni iliyotumika pale kipimo kilipokosekana.

7. Hitimisho

Kopp alihesabu atomi kwa aina kwa sababu alikuwa na fomula. Cragoe aliyapima mafuta uzito kwa sababu hakuwa na fomula. Watson na Nelson walitumia kiwango cha kuchemka kwa sababu uzito peke yake ulidanganya, na watafiti wa Alberta wakarudi kwenye atomi kwa sababu lami haichemki. Kila mmoja alijenga kwa taarifa alizokuwa nazo, na kila mmoja aliwaachia waliofuata kanuni nzuri kwa vitu alivyovifahamu. Nta ya Ziwa Albert na ya Turkana haikuwa miongoni mwa vitu hivyo. Kanuni zilizorithiwa zitaendelea kutumika, na ni haki zitumike, lakini nafasi yake ni kuziba pengo pale kipimo kinapokosekana. Nchi zinazokopa mabilioni kwa ajili ya kupasha mafuta zina kila sababu ya kuyapima mafuta hayo zenyewe.